Kifusi cha Watts, jua la Mojave

Bomba la kunywea maji na choo cha kukalia vimesimamishwa sako kwa bako katikati ya jangwa. Hakuna ukuta, hakuna paa. Kwenye bomba pameandikwa kwa Kiingereza "Weupe". Kwenye choo pameandikwa neno walilobandikwa Wamarekani Weusi katika vibao vya enzi za ubaguzi, ambalo kwa Kiswahili tungesema "wa rangi". Vyombo vyenyewe ni vya kawaida kabisa, vya aina inayong'olewa kila siku majengo yanapovunjwa na kuishia jalalani. Ni rahisi kutabasamu unapokiona choo kimejisimamia chenyewe mchangani. Tabasamu hilo halidumu, maana macho yanarudi kwenye maandishi.

Aliyeviweka hapo ni Noah Purifoy, na mahali penyewe ni nje kidogo ya mji mdogo wa Joshua Tree, kwenye jangwa la Mojave, California, kiasi cha kilomita 200 mashariki ya Los Angeles. Purifoy alihamia huko mwaka 1989, akiwa amepita miaka 70, umri ambao wengi huwa wamekwisha kuweka nyundo chini. Alifanya kazi mpaka alipofariki mwaka 2004. Katika miaka hiyo 15 alijaza eneo linalofikia ekari 10 kwa sanamu na majengo zaidi ya 100, yote yakiwa yameungwa kwa vitu vilivyotupwa: mabati, mabomba, magurudumu ya baiskeli, masinia ya aluminiamu, kompyuta mbovu, milango, matairi, mipira ya bolingi, nguo kuukuu, viatu. Hakuna kiingilio. Mtu hufika jua likichomoza au likielekea kuzama, akazunguka kwa miguu yake kati ya kazi hizo, na hakuna mlinzi wa kumfuata nyuma.

Kenya, fundi anayechomelea mageti na kukunja mabati uwanjani bila karakana huitwa fundi wa jua kali. Sijui jina lingine linalomkaa Purifoy vizuri kuliko hilo. Mojave wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 38 kama mchezo, upepo hubeba mchanga, na usiku wa baridi maji huganda. Mzee huyo alifanya kazi humo humo, nje, akipigilia misumari na kufunga waya, na hata alipoishia kwenye kiti cha magurudumu hakuacha.

Lakini kuna jambo moja linalomtenga na mafundi wengi wa mabaki, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Huku kwetu, kila tunapoandika habari za msanii wa chuma chakavu, sifa ni ile ile: kageuza taka kuwa mali. Tunamsifu kwa simba aliyetengenezwa kwa minyororo ya pikipiki, kwa sababu tukimtazama tunamwona simba na kuisahau pikipiki. Ni kazi nzuri, nami sina ugomvi nayo. Purifoy alishika njia nyingine. Hakutaka usahau. Bomba lake ni bomba, choo chake ni choo, na gurudumu bado lina matope ya barabara lilikotoka. Kwake kitu kilichotupwa kilikuwa shahidi, na shahidi haoshwi uso wala kuvalishwa nguo mpya kabla ya kusimama kusema.

Alianza kujifunza hayo mbali na jangwa. Alizaliwa Snow Hill, Alabama, Agosti 1917, mtoto wa kumi kati ya watoto 13 wa wakulima waliolima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Katika nyumba ya namna hiyo kitu hakitupwi. Gunia huwa shuka, kopo huwa kikombe. Alisomea ualimu huko Alabama, akamaliza mwaka 1939, akafundisha shuleni ufundi wa mikono. Vita Kuu ya Pili ilimchukua kwenye jeshi la majini, katika kikosi cha ujenzi, akiwa seremala katika visiwa vya Pasifiki. Baada ya vita alichukua shahada ya ustawi wa jamii Atlanta mwaka 1948, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda Los Angeles, akaajiriwa hospitalini.

Kisha akafanya jambo ambalo ndugu zake, nadhani, walilijadili sana. Aliacha mshahara akajiunga na Chouinard, chuo cha sanaa chenye heshima mjini humo, na kuwa Mweusi wa kwanza kusoma hapo muda wote. Alihitimu mwaka 1956, akikaribia miaka 40. Hata hapo hakuwa mchongaji. Alibuni samani na kupamba madirisha ya duka kubwa, huku akisoma falsafa.

Mwaka 1964 alipata kazi iliyombadilisha. Yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa kwa watoto wa Watts, mtaa wa Weusi maskini kusini mwa Los Angeles, na yeye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kituo kilikuwa kando ya kitu cha ajabu: minara iliyojengwa na mhamiaji wa Kiitaliano, Simon Rodia, kibarua wa ujenzi, ambaye kwa miaka 33, kuanzia 1921 hadi 1954, alitumia saa zake za mapumziko kuunga vyuma, kuvifunika kwa saruji na kuipachika vipande vya chupa, vigae, sahani na makombe ya pwani. Mnara mrefu zaidi unafika karibu mita 30. Wakuu wa jiji walitaka kuibomoa wakidai ni hatari, na Oktoba 1959 yakafanyika majaribio: mnara ukavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 4,500. Mnara haukutikisika, kilichopinda ni mtambo wa kuuvutia. Kila asubuhi Purifoy alikuwa akifungua mlango wa kituo chake akiwa ameitazama kazi hiyo. Hawakuwahi kufanana katika mtindo, maana Rodia alikuwa mtu wa kupamba, lakini somo lilikuwa wazi mbele yake: vigae vilivyovunjika vinaweza kusimama kuliko sheria ya manispaa.

Tarehe 11 Agosti 1965, askari wa barabarani alimsimamisha kijana Mweusi aliyekuwa akiendesha gari karibu na Watts, kwa tuhuma za ulevi. Watu wakakusanyika, mama yake kijana akafika, mikono ikapigana, na usiku huo mtaa ukalipuka. Kwa siku sita Watts iliwaka. Watu 34 walikufa, wengine zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, na waliokamatwa walifika kama 4,000. Maduka yaliteketea pande zote mbili za barabara. Minara ya Rodia haikuguswa. Rodia mwenyewe alikuwa amefariki Julai, wiki chache kabla, katika mji mwingine.

Moshi ukiwa bado unafuka, Purifoy na mwenzake Judson Powell, mwanamuziki, walitoka na kuanza kuokota. Hebu tulitazame jambo hili polepole. Mtaa umeteketea, wanajeshi wamejaa barabarani, watu wanatafuta jamaa zao. Na watu wazima wawili wanapita kwenye majivu wakichagua vipande vya chuma na mbao zenye masizi. Walikusanya tani tatu za kifusi. Kwa muda hawakujua watafanya nini nacho. Waliishi nacho, wakakitazama, kama mtu anavyokaa na mzigo wa marehemu kabla ya kupata moyo wa kuufungua.

Kilichowashangaza kuliko vyote ni taa za neoni. Matangazo ya madukani yalikuwa yametengenezwa kwa mirija ya kioo. Moto ulipofika, kioo na risasi viliyeyuka, vikadondoka, vikachanganyika na mchanga, vikaganda tena katika maumbo ambayo hakuna mkono uliyapanga. Walivikuta kwenye majivu vikimetameta kama vito. Kutoka humo likaja jina la maonyesho yao: 66 Signs of Neon, alama 66 za neoni, kwa kuwa mwaka ulikuwa 1966 na kazi zilikuwa 66. Waliungana na wasanii wengine kadhaa, wakafungua maonyesho hayo kwanza Watts kwenyewe, shuleni, mbele ya watu waliopoteza maduka na ndugu katika moto ule ule. Kisha yakasafiri vyuo vikuu mbalimbali vya Marekani na kufika mpaka Washington, hadi mwaka 1969.

Katika kazi hizo palikuwa na mbao zilizoungua zikapangwa kama mchoro, na mabaki ya vyuma yaliyoshikanishwa yakawa na kifua na mabega ya mtu. Mtazamaji angeweza kusogeza pua na kuhisi harufu ya moshi. Hapo ndipo ilipo tofauti niliyoitaja. Kama wangeyasafisha mabaki hayo, wakayapaka rangi na kuyapa umbo la ndege au maua, watu wangefurahi na Watts ingekuwa imesahaulika kabla ya mwaka kwisha. Waliuacha moto uonekane.

Maonyesho yalipokwisha, kazi nyingi zilikuwa zimebomoka kwa kubebwa huku na huku. Baadhi zilipotea, nyingine zikarudi kule zilikotoka, kwenye takataka. Chache zilizobaki leo ziko makumbusho, na zimewahi kuvuka bahari mpaka Tate Modern, London, mwaka 2017. Mtu mwingine angelia kwa hasara hiyo. Purifoy aliamini kwamba kitu chenyewe si mwisho wa safari. Kilichompa uzito ni kuona kinachotokea kati ya watu wanapokutana mbele yake. Nakiri kwamba mimi huwa nasikitika nikikumbuka kazi zile zilizopotea, hata baada ya kuelewa hoja yake.

Mwaka 1971 alifanya maonyesho mengine Los Angeles ambayo jina lake lilikuwa na matusi waliyokuwa wakitupiwa Weusi, matusi ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Aligeuza ukumbi kuwa chumba kimoja cha familia maskini, watu wamebanana kitandani, chakula kinachooza kikitoa uvundo. Baada ya hapo akaacha kabisa kutengeneza sanaa. Alirudi kwenye kazi za ustawi wa jamii, na mwaka 1976 Gavana Jerry Brown akamteua kwenye Baraza la Sanaa la California, ambako alikaa miaka 11 akisukuma mipango ya kupeleka wasanii shuleni na magerezani. Wapo wanaoiona miaka hiyo kama pengo. Mimi naiona ni mwendelezo: mtu aliyeokota vyuma vilivyotupwa alikuwa sasa amewageukia watu waliotupwa.

Alipostaafu, kodi za Los Angeles zilikuwa zimemshinda. Rafiki yake, msanii, alikuwa na kipande cha ardhi Joshua Tree. Basi akaenda, pensheni ikiwa ndogo na uwanja ukiwa mkubwa kuliko wowote aliowahi kuwa nao. Mjini alikuwa amefanya kazi za kutundika ukutani. Huku akaanza kujenga vitu ambavyo mtu anaweza kuingia ndani yake, akainama, akatoka upande wa pili. Mabaki hayakumpa shida. Mtu akishajulikana kwamba anapokea kila kitu, kila kitu humfuata. Jangwa la Marekani lina tabia ya kuwa mahali watu wanapoacha wasichokitaka.

Kibanda kikubwa alichokiita Makazi alikiunga kwa mbao na mabaki ya nyumba ya jirani iliyoungua. Ukiingia, unakuta vyumba vya kubanana, mfano wa mahali anapoweza kujibanza mtu asiye na kwake. Kwingine kuna jengo la mviringo lililojaa mitambo ya ofisini iliyokufa, kompyuta na vioo vyake vikikutazama bila kuwaka. Baiskeli mbili zimepandishwa juu ya paa la kibanda kama zinazoshindana kwenda pasipo na barabara. Kazi hiyo ni ya mwaka 1991. Mwaka 2002 alipanga masinia 65 ya aluminiamu ya mkahawani juu ya ardhi. Hayo masinia ndiyo yanayonivutia kuliko yote, kwa unyenyekevu wake. Sinia la aina hiyo linashikwa na mwanafunzi, mfungwa, mgonjwa, askari, yeyote anayepanga foleni kungoja chakula ambacho hakukichagua. Masinia 65 yakiwa yamelala mchangani, matupu, jua likiyapiga, yanakuhesabia watu hao bila kumtaja hata mmoja.

Na lile bomba na kile choo. Purifoy aliandika vibao hivyo akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, zaidi ya miaka 35 baada ya sheria ya mwaka 1964 kuvipiga marufuku. Kuna atakayeuliza kwa nini kurudia yaliyopita. Nadhani jibu limo katika vyombo vyenyewe. Alitoka Alabama, koo lake lilikuwa linakumbuka.

Jangwani alipata pia mwenzi wa kazi ambaye mjini hakuwa naye. Mtu wa pwani yetu anajua jinsi upepo wa chumvi unavyolila bati la nyumba, likatoboka kabla hujamaliza deni la kulinunulia. Mojave hali ni tofauti. Hewa ni kavu, kutu inatambaa taratibu, na kipande cha chuma kinaweza kukaa miaka mingi kikibadilika rangi tu, kutoka kijivu hadi kahawia ya udongo. Jua ndilo linaloharibu. Mionzi yake inapausha rangi, inaifanya plastiki ivunjike kama biskuti, inakausha mbao mpaka zinapasuka kwa urefu. Joto la mchana na baridi ya usiku vinavuta misumari itoke kidogo kidogo. Nguo huraruka kwa upepo. Purifoy aliyaona yote hayo na hakuyazuia. Aliyahesabu kuwa sehemu ya kazi, kana kwamba alikuwa ameianza yeye na hali ya hewa ilikuwa inaimalizia.

Tarehe 5 Machi 2004, moto ulizuka nyumbani kwake hapo hapo Joshua Tree, naye akafia humo. Alikuwa na miaka 86. Mtu aliyepata kazi yake ya maisha katika majivu ya Watts aliondoka kwa moto, na siwezi kuandika sentensi hii bila kuiacha kalamu kwa dakika kadhaa.

Aliwaachia walio hai kazi ngumu. Taasisi yenye jina lake, iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwa bado hai, ndiyo inayolitunza eneo. Itafanya nini mbao inapoanguka? Ikiirudisha na kupigilia msumari mpya, inakwenda kinyume na mzee aliyetaka jua liendelee. Ikiiacha, siku moja mtoto wa Watts atapelekwa kuona kazi za Purifoy na atakuta lundo la kifusi. Swali hilo liliwaka zaidi mwaka 2015, Makumbusho ya Sanaa ya Kaunti ya Los Angeles ilipoandaa maonyesho makubwa ya kazi zake, na baadhi ya sanamu zikang'olewa jangwani, zikasafirishwa hadi kwenye kumbi zenye taa laini. Wengi waliona heshima iliyochelewa, na ni kweli ilichelewa miaka 11 baada ya kifo chake. Lakini naamini sanamu hizo zilipoingia ndani zilipoteza kitu. Ukumbini, mtazamaji anazunguka kitu kilichosimama tuli, amri ikiwa ni kutogusa. Jangwani, bati linagonga, kamba inapiga mti, mchanga unakuuma miguuni, na unaondoka ukiwa na vumbi la sanaa ile ile kwenye viatu vyako. Kama ningepewa sauti katika kikao cha taasisi hiyo, ningeomba wazuie tu kile kinachoweza kumwangukia mtu kichwani. Mengine ningeyaachia jua. Najua wapo wenye busara kuliko mimi wanaoona vingine, na wao ndio wanaoshika nyundo.

Kati ya kazi zinazoendelea kubaki huko kuna gari moshi. Alilitengeneza katikati ya miaka ya 1990 kwa mashine kuukuu za kufyonzea vumbi za kampuni ya Kirby na magurudumu ya baiskeli, akalipa jina la mashine hizo: The Kirby Express. Mashine hizo zilikuwa fahari ya sebule za Marekani, zikiuzwa nyumba kwa nyumba na vijana wenye tai, kila mama akiahidiwa zulia lisilo na chembe. Sasa zimesimama juu ya reli isiyofika popote, katika nchi ambayo yote ni vumbi. Upepo ukivuma kutoka magharibi, mchanga unaingia kwenye midomo yao iliyo wazi, na mwingine unapita chini ya magurudumu na kuendelea na safari.